Kofia ya Kobe

Kofia ya Kobe ilipopatikana, fundi wa makochi alikuwa jikoni anakata vitunguu. Akasikia mumewe amepiga ukelele sebuleni, ule wa mtu aliyemwagikiwa maji ya moto, akatoka mbio na kisu mkononi. Alimkuta bwana amesimama katikati ya chumba, mikono kichwani, machozi yanamlengalenga. Na mdogo wake yeye fundi, kinyozi mzima mwenye kitambi na heshima zake mtaani, alikuwa amepiga magoti juu ya kochi anarukaruka, nailoni iliyofunika kochi inalalamika chini yake.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Zimwi!" mumewe akasema. "Zimwi Kipofu amekufa, na ameangusha kofia! Mke wangu, njoo uone. Njoo uone kwa macho yako."

Fundi akashusha kisu na pumzi kwa pamoja. Akasogea kwenye kompyuta. Humo ndani, kwenye sakafu ya pango lenye giza, kulikuwa na kofia ya vita ndogo kama punje ya mahindi, rangi ya kijani, imegawanyika vigaevigae kama mgongo wa kobe. Ndiyo hiyo. Kwa ajili ya hiyo, mwanamume mwenye ndevu alikuwa amekataa kwenda harusini, amesahau kufunga bomba mpaka ndoo zikafurika, na amepewa chai ikapoa mbele yake mara zisizo na idadi.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa kushuka mashimoni. Unamwongoza mpiganaji wako kutoka shimo hadi shimo, unaua mazimwi, unaokota wanachoangusha, unashuka tena. Hakuna mwisho. Zimwi Kipofu analinda mlango wa shimo la mwisho kabisa, na hata ukimuua, mara nyingi anaangusha mifupa au sarafu mbovu. Kofia ya Kobe anaiangusha akijisikia. Kuna watu wamecheza mpaka wakapata wajukuu na hawajaiona. Ukiivaa, pigo ambalo lingekuua, kofia inalimeza, wewe unabaki umesimama. Hapo kofia inapata ufa. Ikipata nyufa tatu inakuwa unga, na hakuna mhunzi katika mchezo mzima anayeweza kuiunga.

Haya yote fundi aliyajua bila kupenda. Ukiishi na mgonjwa unajifunza majina ya dawa.

"Hongera," akasema. "Haya, ivae tuione."

Wanaume wawili wakamtazama kama aliyesema waichemshe wale.

"Nivae?" mumewe akauliza. "Ikipata ufa je?"

"Si ni ya kuzuia kupigwa?"

"Ndiyo."

"Sasa itazuiaje na wewe hujaivaa?"

"Mke wangu, kitu kama hiki hakivaliwi hovyo. Siku yenyewe ikifika nitaivaa." Akabonyeza vitufe taratibu, kwa vidole vya mtu anayembeba kifaranga, akaiweka kofia ndani ya sanduku la mpiganaji wake, akalifunga. Mpiganaji akabaki amesimama pale pangoni na kikofia chake cha ngozi, masikio yote nje.

Fundi alirudi jikoni akavimaliza vitunguu kwa hasira mpaka vikawa uji. Hakukasirika kwa sababu ya mchezo. Angekuwa mke wa kwanza duniani mwenye mume mwenye mchezo? Kilichompandisha mori ni yale maneno, siku yenyewe. Maneno hayo aliyajua. Alilala nayo chumba kimoja, maana yalikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya mfuko wa nailoni, yanakula vumbi.

Mumewe alikuwa dereva wa pikipiki, na mzigo wake ulikuwa meno. Aliajiriwa na karakana inayotengeneza meno ya bandia, na kazi yake ilikuwa kuyapeleka kwa madaktari wa meno mji mzima. Watu walimwita Bwana Meno, naye aliitika kwa fahari. Hakuna aliyewahi kuona mtu anayejali mzigo kama yeye. Kila seti aliifunga kwa pamba, akaizungushia sponji aliyoiomba kwa mkewe, akaitia kwenye kikasha, kikasha ndani ya sanduku, sanduku akalikaza kwa mikanda nyuma ya pikipiki na kulitikisa kuhakikisha halitikisiki. Hapo ndipo alipopanda yeye. Kichwani alivaa gamba.

Gamba ni helmeti iliyokufa. Kifungo chake kilikatika zamani, ikawa inafungwa chini ya kidevu kwa kamba ya kiatu. Sponji ya ndani ilikuwa imegeuka chengachenga, akaikung'uta yote na kuweka fulana iliyokunjwa. Ukiigonga kwa kidole ilitoa mlio wa kopo. "Kwa askari wa barabarani inatosha," ndivyo alivyosema kila akiambiwa, kana kwamba atakayeanguka ni askari.

Kwa hiyo fundi alimnunulia nyingine. Helmeti ya kweli, nyeupe, nzito, yenye kioo. Lakini kichwa cha mumewe ni kipana mbele na chembamba nyuma, kila helmeti inamcheza, basi akampima kwa futikamba akiwa usingizini. Bila kugusa ile sponji ngumu ya kiwandani, akaongeza bitana yake mwenyewe: sponji ile nzito anayoiweka kwenye kingo za makochi, si ile laini ya mito, na juu yake mahameli ya rangi ya zambarau. Cherehani haiingii ndani ya helmeti, akashona kwa mkono kwa sindano iliyopinda, vidole vikatoboka. Mumewe alipopewa aliipokea kwa mikono miwili. Aliita majirani waione. Alisema tangu azaliwe hajapewa kitu kama kile. Kisha akairudisha kwenye mfuko wake wa nailoni, akapanda kwenye kigoda, akaiweka juu ya kabati.

"Nitaivaa siku yenyewe ikifika."

Siku gani, hakusema. Na kesho yake akatoka na gamba.

Jumamosi iliyofuata, jua bado lipo, kinyozi alifunga saluni mapema akaja ili washuke shimo la mwisho. Walikaa bega kwa bega, shemeji na shemeji, huyu na kompyuta kuukuu, huyu na yake aliyokuja nayo kwenye begi la mashine za kunyolea. Fundi alikuwa pembeni anapiga pasi, hatazami, ila anaona kila kitu.

Mara jitu lenye rungu likatoka ukutani.

"Shemeji, vaa Kobe!" kinyozi akapiga kelele.

"Bado."

"Bado nini? Linakuja kwako hilo!"

"Nalikwepa. Tulia, nalikwepa."

Hakulikwepa. Rungu lilishuka juu ya kile kikofia cha ngozi, na mpiganaji akalala chali. Mpiganaji wa kinyozi akakimbia kwenda kumwinua, maana ndivyo wanavyocheza, hawaachani, naye akapigwa la ubavu. Kioo cha kompyuta kikawa chekundu. Katika mchezo ule ukifa, kilichomo sandukuni kinabaki, ila ulichobeba mwilini kinapotea, na kinyozi alikuwa amebeba upanga wake, ngao yake na pete alizozihangaikia tangu mvua zilizopita.

Kinyozi akaachia vitufe. Akafunga kompyuta yake polepole.

"Shemeji, kofia unayo," akasema. "Tumeitafuta pamoja. Nimekufa kwa ajili yako, na kofia unayo."

"Nilijua kuna makubwa zaidi ya hilo mbele huko. Nilikuwa naiwekea..."

"Umekwisha kufa! Mbele wapi?"

"Shemeji, usikasirike, ni mchezo."

"Sasa ni mchezo? Ulipokuwa unalia hapa ilikuwa nini?" Kinyozi akatia kompyuta kwenye begi, akamgeukia fundi. "Dada, mimi chakula sili. Na huyu simnyoi. Atafute mwingine wa kumshika kichwa, mimi nimechoka nacho."

Akaondoka kweli, na harufu ya chakula iko palepale.

Fundi akaisimamisha pasi wima. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, akasema yote. Kwamba mume wake ana vichwa viwili, kimoja cha kompyuta na kimoja alichopewa na mama yake mzazi, na vyote viwili anavitembeza uchi huku kofia zimelala sandukuni. Kwamba meno ya watu wasiomjua yanalala kwenye pamba, na yake yanapita barabarani yamefungwa kwa kamba ya kiatu. Kwamba kila akichelewa jioni, yeye fundi anaanza kusikia simu ambayo haijalia. "Nilitoboka vidole vyangu kwa ajili ya kabati?" akauliza. "Kabati ndilo linaloendesha pikipiki?"

Mume alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mwenye haya. Kisha akainua uso, na fundi akajua kwamba amepata la kujibu, maana alimjua.

"Na sahani za shangazi?" akasema.

"Sahani zimeingiaje hapa?"

"Zimeingia. Zile sahani zenye ukingo wa buluu tulizopewa siku ya ndoa yetu. Mimi sijawahi kula juu ya sahani ile. Niko nje ya kioo cha kabati nazitazama kama mpita njia. Tunakula kwenye plastiki. Za wageni, unasema. Mgeni gani? Mama yangu alikuja akala kwenye plastiki! Na haya makochi." Akapiga nailoni kwa kiganja, ikalia paa. "Mke wangu ni fundi wa makochi, mji mzima unakalia kazi yake, mimi nikikaa kwangu nasikia kama niko kwenye chumba cha kusubiri sindano. Joto likiwa kali nanata. Nikiinuka, ngozi inabaki. Nailoni hii inatoka lini? Siku yenyewe ikifika?"

Fundi akaitazama ile nailoni. Alikuwa amenaswa, na hakuna kinachoudhi kama kunaswa na mtu ambaye ulikuwa bado hujamaliza kumgombeza.

"Nikiikata, utavaa helmeti?" akasema.

"Kata kwanza tuone."

Akaenda kuchukua mkasi wake mkubwa wa kazini. Akapiga magoti mbele ya kochi kubwa. Kitambaa cha chini ya ile nailoni alikichagua yeye mwenyewe, rangi ya machungwa mabivu, akakishona usiku na mchana kabla ya kuolewa, na mshono wake ulikuwa umenyooka kuliko wowote aliowahi kumshonea mteja. Hakikuwa na doa hata la kidole. Aliingiza ncha ya mkasi chini ya nailoni. Akawaza chai. Akawaza mafuta ya nywele ya kinyozi, na suruali ya mumewe iliyojaa vumbi la barabara. Mkono ukagoma.

"Unaona?" mumewe akasema, na hakusema kwa ushindi. Ni hicho kilichomuuma zaidi.

Jumatatu mume akaondoka na gamba, kamba ya kiatu chini ya kidevu, meno nyuma yake yamefungwa kama mtoto mchanga.

Kazini, fundi alifanya kazi na mwanamke mmoja wa makamo ambaye wote walimwita Bi Pini, kwa kuwa alizibana pini midomoni kutwa nzima na bado akasengenya bila kuacha. Asubuhi hiyo mzee mmoja aliletwa na gari la mizigo, yeye na kochi lake. Kochi lilikuwa limevishwa nailoni, na ndani ya nailoni lilionekana jipya kabisa, kijani cha majani machanga.

"Limebonyea tu," mzee akasema. "Sielewi kwa nini. Hatujawahi kulikalia vizuri."

Bi Pini akachana nailoni, na harufu iliyotoka iliwarudisha wote nyuma. Fundi akang'oa pini za chini, akakunjua kitambaa. Sponji ilikuwa imeoza. Jasho la miaka na mvuke vilikuwa vimefungiwa humo bila pa kutokea, na sponji ikawa ya njano, inabomoka mkononi kama mkate wa juzi. Kitambaa hakikuwa na mchubuko. Alikuwa ameyaona makochi ya namna hii mara nyingi, na mara nyingi aliwasomea wenyewe somo: nailoni ni ya safari ya kutoka dukani, si ya kukaa nayo. Bi Pini alikuwa akimsikiliza anavyosoma somo hilo, halafu anamkumbusha ya kwake, na yeye anajibu kwamba ya kwake ni mengine.

Leo somo halikutoka. Mzee alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kile kitambaa cha kijani, anakipapasa kwenda na kurudi.

"Kumbe ni laini hivi," akasema. "Marehemu mke wangu ndiye aliyekichagua. Alikuwa mkali! Mtoto akishika nailoni tu, anapigwa kibao. Alisema tutaitoa kijana wetu akioa. Kijana akaoa hukohuko aliko." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Na yeye mwenyewe hakukigusa. Alikigusa dukani tu."

Bi Pini akatoa pini zote midomoni, jambo ambalo fundi hakuwahi kuliona. Fundi akamwambia mzee kwamba kitambaa chake ni kizima, atabadilishiwa sponji, na kitambaa kitarudi kilekile. Halafu akavua aproni, akamwambia mwenzake, "Nakwenda nyumbani mara moja," akachukua mkasi.

Safari hii mkono haukugoma. Alichana nailoni ya kochi kubwa kutoka ncha hadi ncha, kisha ya madogo, akaikunja na kuitupa uani, akakanyaga juu yake kwa hasira ya miaka yote ile. Akafungua kabati la kioo. Akatoa sahani za shangazi, akaziosha, na ya kwanza ikamponyoka ikavunjika ndani ya beseni. Alisimama akaitazama. Alitarajia kulia. Badala yake akasonya, akaosha zilizobaki.

Jioni mume alisimama mlangoni na gamba mkononi. Aliyatazama makochi. Akatazama suruali yake. Akarudi nje, akajikung'uta mpaka majirani wakadhani anapigwa.

"Ingia ukae," fundi akasema.

"Nina vumbi."

"Nimesema kaa!"

Akakaa ukingoni, tako moja, kama mchumba aliyekuja kujitambulisha. Kidogokidogo akarudi nyuma, mgongo ukagusa kochi, na akatoa sauti ambayo fundi hakuwa ameisikia kwake hata siku ya Zimwi Kipofu. Chakula kikaja juu ya sahani ya ukingo wa buluu. Mume akaitazama sahani, akamtazama mkewe, akainuka akaingia chumbani. Kigoda kikasikika kinaburutwa. Aliporudi alikuwa ameivaa ile helmeti nyeupe, na akala chakula chote akiwa nayo kichwani, kioo kimeinuliwa, kijiko kinagonga kidevu cha helmeti kila kinapopita.

"Inanikaa," akasema mdomo umejaa. "Mke wangu, inanikaa kweli. Haichezi."

"Ulifikiri nilipima nini? Boga?"

Toka siku hiyo aliivaa. Lakini msidhani ilikuwa raha. Mtu yule aliivaa helmeti kama aliyeiazima. Alisimama kila penye maji machafu akaipangusa. Aliitilia mfuko juu yake mvua ilipomwagika, akawa haoni. Alikuja nayo nyumbani akaikagua chini ya taa, akiona mkwaruzo mdogo wa kucha anahuzunika mpaka chakula hakishuki. Na Kofia ya Kobe? Iko sandukuni, palepale. Kinyozi hajarudi. Mpiganaji anashuka peke yake kwenye mashimo ya juu juu, na kikofia cha ngozi.

"Hiyo nayo si uivae?" fundi alimwambia.

"Mambo yaende moja moja," alijibu, na fundi akatafuta kitu cha kumrushia asikipate.

Siku yenyewe ilipofika, fundi alikuwa nyumbani. Jua lilikuwa linakwenda kuzama na mume alikuwa amechelewa, si sana, kiasi cha kumfanya mtu aanze kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Gari likasimama nje. Akasikia sauti ya kinyozi inasema, "Taratibu, shemeji, taratibu," akaacha kupanga. Kama kinyozi amekubali kumshika, basi ni kubwa.

Mume akaingia. Suruali imechanika goti, mkono wa kulia umefungwa bendeji na kuning'inizwa shingoni, sikio lina damu iliyokauka. Mkono wa kushoto ulikuwa nyuma, anaficha kitu.

"Usikasirike," akasema.

"Umefanya nini? Umefanya nini wewe?"

"Gari lilikuwa limeegeshwa. Mtu akafungua mlango bila kutazama. Nikaruka." Akachechemea hatua moja mbele. "Meno ya watu ni mazima. Hata moja halikuachia. Lakini hii, mke wangu... nimeiharibu."

Akaitoa nyuma ya mgongo. Helmeti nyeupe ilikuwa imepasuka kutoka juu ya sikio mpaka utosini, ufa unaoingia kidole. Upande mzima ulikuwa umekwanguliwa mpaka kwenye plastiki ya ndani. Mahameli ya zambarau ilikuwa nzima, mshono wake haujaachia hata mahali pamoja.

"Ni mbele ya saluni yangu, kichwa kiligonga ukingo wa barabara," kinyozi akasema. "Dada, daktari aliishika helmeti kabla ya kumshika yeye. Akaizungusha, akaizungusha, akaniuliza, huyu aliyekuwa humu ndani yuko wapi? Nikamwambia ndiye yule pale, anauliza habari za meno."

"Niliivaa vizuri," mume akasema haraka. "Nilifunga mkanda. Sikuwa naendesha ovyo. Samahani. Najua ulivyoishona."

Mwanamume amesimama mbele yake mzima, na anaomba msamaha kwa kuwa hai. Fundi alimwita mjinga. Akamwita majina mengine ambayo hata mdogo wake hakuwahi kuyasikia kwa dada yake, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akamtikisa, akaacha kumtikisa alipokumbuka. Hapo ndipo alipolia, na alilia kwa hasira, anasonya katikati ya kilio.

"Kaa," akasema.

"Nina damu. Kochi..."

"Kaa kwenye kochi, wewe mtu, kabla sijakumalizia mimi!"

Akakaa. Goti lake likaacha doa kwenye kile kitambaa cha machungwa mabivu, kubwa kama kiganja. Fundi, anayejua kutoa doa la kila aina lililoumbwa, alilitazama na kulipita.

"Unaweza kuishona?" mume akauliza, helmeti imo mapajani mwake.

"Hii haishoneki. Imemaliza. Tutatafuta nyingine, na nitaitia bitana nyingine."

"Na hiyo nayo ikipasuka?"

"Nitashona nyingine! Nina kazi gani nyingine duniani?"

Wakala watatu, kwenye sahani za ukingo wa buluu. Baadaye kinyozi, bila kutazamwa na mtu, akafungua begi lake akatoa kompyuta. Mume akaitazama ya kwake, akautazama mkono wake uliofungwa, akaguna. Fundi akaliona guno hilo linakokwenda.

"Sogea," akasema, akavuta kiti. "Sanduku lake linafunguliwaje?"

"Mke wangu, si lazima..."

"Linafunguliwaje?"

Akamwonyesha. Fundi alibonyeza vitufe kwa kidole kimoja, kama anayetafuta pini kwenye zulia. Sanduku likafunguka, na kofia ya kijani ikawa mle ndani, safi, inang'aa, haijawahi kuguswa na kitu. Mume akavuta pumzi. Hakusema "bado". Fundi akaichukua, akamvua mpiganaji kile kikofia cha ngozi, akamvika Kobe. Ikamkaa mpaka masikioni.

Wakashuka. Kinyozi alikuwa mbele na kisu cha kuazima, fundi nyuma yake, anagonga kuta na kutukana kuta. Jitu lenye rungu likatoka. Fundi hakujua hata kitufe cha kukimbia ni kipi. Rungu likashuka lote utosini, kioo kikawa chekundu, kisha kikarudi kilivyokuwa, na mpiganaji akawa bado amesimama. Ufa mwembamba ulikuwa umepita juu ya kofia, kutoka sikioni hadi utosini.

Mume, kwenye kochi, alikuwa amefumba macho.

"Imepasuka?" akauliza.

"Imepasuka," fundi akasema. "Niambie kitufe cha kwenda mbele."